Umetoka Windows ukaingia Mac na vitu vinagoma? Pitia hapa kabla hujafomati chochote

Wiki mbili zilizopita shemeji yangu wa Tabata alinipigia saa nne usiku, sauti ya mtu anayekaribia kulia. Aliuza desktop yake ya Windows, akanunua MacBook Air used Kariakoo, akachomeka eksteno yake (diski ya nje) yenye picha za watoto tangu wa kwanza anazaliwa. Mac ikafungua picha vizuri tu, lakini kila akijaribu kuongeza nyingine inakataa. Kijana wa jirani akamwambia diski imekufa hiyo, fomati itakaa sawa. Namshukuru Mungu alinipigia kabla hajafomati, maana diski haikuwa na tatizo hata moja.

Tangu Microsoft waache kuisapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 naona wengi wanahama, kompyuta zao za zamani Windows 11 inazikataa, mtu anaona bora anunue Mac kabisa. Nimeshasaidia ndugu na majirani wa kutosha sasa, na karibu kila nilichoitiwa kama ubovu kilikuwa utaratibu wa Windows ambao Mac haiufuati. Hasara kubwa nilizoziona zote zilitokea pale mtu alipobonyeza kitufe cha kufuta akidhani anatengeneza. Kwa hiyo twende dalili kwa dalili, na penye hatari ya kupoteza mafaili nitakaa muda mrefu zaidi.

ENEO LA KWANZA: DISKI NA FLASHI

Eksteno inasomeka ila haipokei kitu

Hii ndo namba moja. Unafungua mafaili, unakopi kuja kwenye Mac bila shida, ila ukitaka kupesti kwenye diski hakuna kinachotokea, ukiburuta faili kinatokea kialama cha kukataza. Bofya diski mara moja halafu bonyeza Command+I, tafuta mstari ulioandikwa Format. Ukikuta NTFS basi umepata jibu, huo ndo mfumo wa Windows, Mac inausoma lakini haiandiki ndani yake. Diski ni nzima.

Kama unachotaka ni kutoa vitu tu, iache ilivyo. Kama unataka kuandika pia kuna njia mbili, kununua programu ya kuandika NTFS kama ile ya Paragon, au kuigeuza diski iwe exFAT ambayo Windows na Mac zote zinaisoma na kuiandika. Mimi napendelea exFAT maana haidai malipo na diski inazunguka kote. Ila kuigeuza ni kufomati, na kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo kwanza hamishia vyote sehemu nyingine, linganisha idadi ya mafaili pande zote mbili, fungua picha kadhaa na video moja icheze mpaka mwisho, ndo uende Disk Utility, uchague diski, Erase, kwenye Format uweke ExFAT. MacBook nyingi za used zina GB 128 au 256 na diski ya mtu ni TB 1, haiwezi kuenea, azima diski ya ndugu. Kwa shemeji tuliazima ya kaka yake na tukahamisha kwa mafungu siku mbili, inachosha lakini hakuna picha hata moja iliyopotea.

Kuna pia MS-DOS FAT, yaani FAT32, inasomeka hata kwenye redio za gari na TV za zamani, ila haipokei faili moja linalozidi GB 4. Video ya harusi ikigoma kuingia kwenye flashi yenye nafasi tele, sababu ni hiyo.

Kwa diski ya kuzunguka nayo usichague APFS wala Mac OS Extended. Windows haizisomi, ukiichomeka kwenye kompyuta ya steshenari italeta ujumbe kwamba lazima ifomatiwe ndo itumike, na dada wa steshenari ana foleni ya watu sita nyuma yako, atabonyeza Format kwa nia njema kabisa na kazi yako yote imeondoka. Mwambie mapema, ikiomba kufomati achomoe.

Mac inasema diski haisomeki, kuna vitufe vitatu

Ujumbe unasema diski uliyoweka haisomeki kwenye kompyuta hii, chini kuna Initialize, Ignore na Eject. Bonyeza Eject. Nasema tena Eject, maana Initialize inakupeleka kwenye kufuta. Nilichokutana nacho zaidi ni diski iliyofungwa na BitLocker, yaani kufuli la Windows, mtu aliiwasha zamani kwenye Windows au ofisi ilimwashia, na Mac haina uwezo wa kuifungua. Irudishe kwenye Windows, weka nywila yake, zima BitLocker, subiri imalize kabisa hata kama ni usiku kucha, halafu ndo ije kwenye Mac. Sababu ya pili ni umeme mdogo, diski ya HDD, ile yenye sahani inayozunguka ndani, imechomekwa kwenye adapta ya bei poa ya matundu manne pamoja na mausi na flashi, inalia tik tik inajikata. Chomoa vingine vyote, iache peke yake. Ikiendelea kulia tik tik hata ikiwa peke yake basi hapo diski yenyewe inakufa, zima, usiendelee kuiwasha washa.

Nilihamisha folda, vya zamani vimepotea

Hii inaniuma kuliko zote. Kwenye Windows ukipesti folda la Harusi sehemu ambayo tayari kuna folda la Harusi, Windows inayachanganya, vya zamani vinabaki na vipya vinaongezeka. Mac ikikuuliza na ukabonyeza Replace, inaondoa folda la zamani lote na kuweka jipya. Mwalimu mmoja jirani yangu alikuwa na folda la Mitihani lenye kazi za miaka minne kwenye eksteno, akapesti folda la jina hilohilo lenye mafaili matano ya muhula huu, akabonyeza Replace kama alivyozoea, akabaki na matano.

Dawa ni kuzoea kufungua folda la zamani kwanza, kisha kupesti mafaili ndani yake, au kubadilisha jina la jipya kabla hujalihamisha. Ikishatokea, acha kuandika chochote kwenye diski hiyo dakika hiyohiyo, usijaribu hiki na kile, mpelekee fundi anayejua kurudisha data, kwenye HDD kuna matumaini. Kwenye SSD ya ndani ya Mac matumaini ni madogo sana maana mashine yenyewe inasafisha sehemu zilizofutwa, labda uwe na Time Machine, ile bekapu ya Mac yenyewe, na kama huna basi leo tafuta diski uiwashe.

CV haifunguki steshenari

Umeweka CV moja kwenye flashi, ukafika steshenari zinaonekana mbili, CV.pdf na nyingine inaanza na nukta na mstari wa chini, ._CV.pdf. Dada anafungua ya kwanza kuiona, inasema imeharibika, unarudi nyumbani na huzuni. Hiyo ya nukta ni kifaili cha maelezo ambacho Mac inakiweka pembeni ya kila faili kwenye flashi ya FAT au exFAT, ukikiangalia ukubwa mara nyingi ni KB 4 tu. Mwambie afungue ile isiyo na nukta. Ukitaka kuvifuta kabla hujatoka nyumbani, fungua Terminal uandike dot_clean -m /Volumes/ ikifuatiwa na jina la flashi yako, halafu Enter.

Na ukiwa unaenda kuprinti, peleka PDF, sio Pages (programu ya kuandikia ya Apple) na ikiwezekana sio hata Word. Faili la Pages halifunguki kwenye Word, na la Word ulilolihariri kwenye Pages linaweza kuhama mistari kwa sababu fonti kama Calibri haipo huko, inabadilishwa na nyingine ya upana tofauti, barua ya ukurasa mmoja inaingia wa pili.

Ukitoka huko steshenari flashi ikarudi imejaa shotikati tupu, ni kirusi kilekile cha siku zote. Mac haiendeshi hivyo vifaili vya .lnk na .vbs kwa hiyo tulia, fungua flashi kwenye Mac, bonyeza Command+Shift+nukta, vitu vilivyofichwa vitatokea, kopi nyaraka zako tu uzilete kwenye Mac, halafu flashi ifomatiwe. Usimrudishie mtu mwenye Windows kabla ya hapo.

Flashi imejaa na umefuta kila kitu? Kwenye Windows kufuta kwenye flashi kunafuta kweli, kwenye Mac vinaenda Trash lakini bado vimekaa kwenye flashi hiyohiyo. Mwaga Trash flashi ikiwa bado imechomekwa.

ENEO LA PILI: MKONO NA KIBODI

Hapa hakuna ubovu, ni mazoea tu, napita haraka.

Kopi haifanyi kazi: tumia Command badala ya Control. Delete inafuta kurudi nyuma tu: Fn+Delete inafuta kwenda mbele. Ukibonyeza Enter juu ya faili halifunguki, linaomba jina jipya: fungua kwa Command+O. Cut ya mafaili haipo: Command+C, ukifika unakopeleka bonyeza Option+Command+V. Kubofya kulia ni vidole viwili. Ukurasa unapanda ukitaka ushuke: System Settings, Trackpad, Scroll & Zoom, zima Natural scrolling.

Dirisha limepotea na skrini nzima ni programu moja tu, maana yake ulibonyeza kitufe cha kijani, sio kukuza kama Windows, kinapeleka programu kwenye ukumbi wake peke yake. Control+Command+F inakurudisha. Na kitufe chekundu kinafunga dirisha bila kufunga programu, ndo maana unaona kinukta chini ya ikoni na mashine inazidi kuwa nzito jioni, funga kwa Command+Q. Programu ikiganda kabisa ni Option+Command+Esc.

Reli (#) haipo. Hii nimeulizwa na mama mmoja wa Sinza anauza vitenge, alikuwa anaandika tangazo lenye namba za kulipia, nyota inatoka ila kila akitaka reli inatoka alama ya pauni. Mac yake imetoka Uingereza, kibodi ya huko Shift+3 ni pauni na reli imefichwa kwenye Option+3. Anayetaka Shift+3 iwe reli aende System Settings, Keyboard, Input Sources, aongeze U.S. na aondoe British, ajue tu kwamba vitufe vichache vitatoa tofauti na kilichochorwa juu yake.

ENEO LA TATU: PROGRAMU ZA KAZI

Faili la .exe halifunguki na halitafunguka, zile ni programu za Windows. Tafuta toleo la Mac kwenye tovuti ya mwenye programu. Word na Excel zipo, Access haipo. Na hapa nawaomba sana wanaofanya hesabu za watu nyumbani, TallyPrime ni ya Windows tu. Nimeona mtu kauza kompyuta yenye Tally Jumamosi, Jumatatu mteja anataka ripoti.

Ukishaingia kwenye hali hiyo, njia inategemea Mac yako. Kama ni ya chipu ya Intel unaweza kuweka Windows kwa Boot Camp, mashine inakuwa na mifumo miwili. Kama ni ya M1 kuendelea, zilizoanza kutoka Novemba 2020, Boot Camp haipo, unatumia Parallels, programu inayoendesha Windows ndani ya Mac, na Windows 11 ya ARM (toleo la chipu za aina hiyo) ndani yake, inalipiwa, na kwa RAM ya GB 8 utahisi uzito. Ushauri wangu wa moyoni ni kubaki na ile kompyuta ya zamani kwa ajili ya Tally peke yake, bila kuvinjari intaneti, mpaka mwaka wa hesabu ufungwe.

Printa: yenye AirPrint (njia ya Apple ya kuprinti) inakubali bila draiva. Printa ya zamani ya waya, angalia kwanza kama mtengenezaji ana draiva ya macOS (mfumo wa Mac) uliyonayo. Modemu za zamani za kuchomeka USB nazo hivyohivyo, draiva zake nyingi zimegoma kwenye macOS mpya, usipoteze siku nzima, tumia hotspoti ya simu au MiFi.

Bando limeisha kabla ya kufika jioni

Mac inaweza kuichukulia hotspoti ya simu yako kama Wi-Fi nyingine yoyote, ikaanza kushusha apdeti na kupandisha picha iCloud kama vile iko kwenye intaneti isiyo na mwisho. Toleo jipya la macOS peke yake linazidi GB 10. Fungua Activity Monitor, kibonyezo cha Network, utaona nani anakula. Kisha System Settings, Wi-Fi, Details ya hotspoti yako, washa Low Data Mode, hii ipo kuanzia macOS 13. Halafu General, Software Update, bonyeza ile i, zima kushusha apdeti zenyewe. Na iCloud Photos izime mpaka ukiwa sehemu yenye Wi-Fi ya uhakika. Apdeti usiziache milele, zina ulinzi ndani yake, zifanye siku ukiwa na bando kubwa la usiku au kwa ndugu mwenye faiba.

Tovuti hazifunguki, zinasema sio salama

Angalia saa na tarehe kwanza. Mac iliyokaa dukani betri imeisha inaweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na vyeti vya tovuti vinakataliwa. Tarehe ikiwa sawa, angalia toleo la macOS. Kwenye 10.11 na za nyuma yake kuna cheti kikuu kilichoisha muda tarehe 30 Septemba 2021 na tovuti nyingi zikagoma kwenye Safari na Chrome siku hiyohiyo, Firefox inasaidia maana inabeba orodha yake ya vyeti.

Hapa ndo umri wa mashine unapokuja. MacBook Pro ya katikati ya 2012 inaishia macOS Catalina (10.15), MacBook Air za 2013 na 2014 zinaishia Big Sur (11), za 2015 na 2017 zinaishia Monterey (12). Muuzaji akikwambia inapanda mpaka mpya kabisa, muulize mwaka. Bei ikiwa karibu, mimi ningechukua M1 yenye RAM ya GB 8 kabla ya Intel yenye mambo mengi, kwa sababu Apple wameshasema macOS Tahoe ndo ya mwisho kwa Intel.

Inapiga shoti, inapata moto

Ukipitisha mkono kwenye bodi wakati inachaji unahisi mtetemo au kichomo kidogo. Chaja ya pini isiyo na ethi inafanya hivyo kwenye bodi za chuma. Tumia ule waya mrefu wa pini tatu kwenye soketi yenye ethi ya kweli, mtetemo utaondoka. Usipoondoka, soketi nyingi za nyumba za kupanga ethi yake ni pambo tu, muite fundi umeme. Kikiwa kichomo kikali chomoa hapohapo, na chaja yenyewe iangaliwe kama sio feki.

Joto: Apple wanasema MacBook itumike kwenye nyuzi 10 mpaka 35. Januari na Februari yetu chumba kisicho na hewa kinafika huko, na Air ya M1 haina feni, ikipata moto inapunguza kasi yenyewe. Itoe juu ya godoro, weka kwenye meza. Sio ubovu, usikubali kufunguliwa.

ILE AMBAYO HAKUNA FUNDI WA KUIPONYESHA

Umefuta Mac uanze upya, ukaunganisha intaneti, ikaleta skrini ya Activation Lock inayotaka Apple ID ya mtu usiyemjua, au Remote Management yenye jina la kampuni ya nje. Ya kwanza maana yake mmiliki wa mwanzo hajaitoa kwenye akaunti yake, inahusu Mac zenye chipu ya T2, zilizoenea kuanzia 2018, na zote za M1 kuja juu. Ya pili maana yake mashine bado imeandikishwa kama mali ya kampuni au shule. Kuna watu watakuambia wanaipita, na kweli inaweza kupitika kwa muda, halafu inarudi ukiifuta au ukiapdeti. Anayeweza kuitoa ni mmiliki au kampuni yenyewe, na Apple wanataka uthibitisho wa ununuzi wa mwanzo.

Dalili zinaonekana dukani kabla hela haijatoka. Muuzaji anakuambia usiifomati, usiiapdeti, au wakati wa kuanza usiunganishe intaneti. Ukisikia hivyo weka mashine mezani uondoke. Kama ipo sawa, omba mbele yake aingie System Settings, General, Transfer or Reset, Erase All Content and Settings, kisha iwashwe upya kwa hotspoti ya simu yako wewe, ipite hatua zote mpaka kwenye skrini ya kawaida. Inachukua kama nusu saa, muuzaji mzuri hatakasirika. Kama umeshanunua fanya leo, kabla hujaweka kitu chako ndani, na ikileta skrini ya kufuli rudi dukani siku hiyohiyo na risiti yenye serial namba.

Ya shemeji tuliifuta usiku uleule, hotspoti ya simu yangu, yeye kashika simu mimi naangalia skrini. Ikaomba lugha, ikaomba nchi, ikaomba Wi-Fi, ikafika mpaka mwisho bila kumtaja mtu mwingine. Ndo nikamwambia ampigie kaka yake kuhusu ile diski ya kuazima.